Mama Ukurasa na Kozi ya Mdogo Wangu

Pale chuoni, mshauri wa wanafunzi wapya tulimwita Mama Ukurasa, na mwanzoni hatukumwita hivyo kwa kumsifia. Wenzake walikuwa wanaangalia alama zako, wanagonga muhuri, basi. Yeye, thubutu! Ukimtajia kozi unayoitaka, anafungua droo, anatoa kitabu cha mwaka wa kwanza cha kozi hiyohiyo. "Soma ukurasa huu. Halafu funga kitabu, unihadithie kama unampasha jirani umbea." Foleni ikawa inanuna mpaka nje ya mlango.

Mimi nilimsindikiza mdogo wangu. Mtoto huyu tangu utotoni ndiye daktari wa nyumbani kwetu: ukijikata kidole, yeye, mama akishikwa na homa, yeye. Wote tulijua anakwenda kusomea uuguzi. Tumefika mezani, namsikia anasema, "Naomba upishi." Nusura nizirai.

"We mtoto una wazimu?"

"Dada, niache. Huko kwingine vitabu ni vinene, na mimi nasoma kwa kujikokota. Si unajua?"

Nilijua. Shuleni kila aliposimamishwa asome kwa sauti, darasa zima lilikuwa linacheka.

Mama Ukurasa akatoa kitabu cha upishi. Kumbe nacho ni balaa: nyama ihifadhiwe kwenye baridi kiasi gani, vijidudu vinazaliana vipi. Mdogo wangu akasoma mistari miwili, akakwama, jasho likamtoka.

"Ulidhani jikoni hakuna vitabu?" Mama Ukurasa akamuuliza taratibu. "Mwanangu, kila mwaka nawaona wenzako. Anayesoma kwa shida hachagui kozi, anakimbia kitabu. Anaangukia kozi asiyoipenda, na huko nako kitabu kinamsubiri. Sasa niambie, moyo wako unataka nini?"

Mdogo wangu akaangua kilio. "Uuguzi, mama."

"Nafasi zinafungwa mwisho wa mwezi. Njoo kila siku mchana, saa yangu ya kula."

Basi yule mama akawa anakula kwa mkono mmoja, mwingine unafunua kurasa. Neno likimshinda mdogo wangu, hakumruhusu kuliruka. Walirudi nyuma, wakalitafutia maana, wakaendelea. Hakumcheka hata mara moja. Kwa hilo tu, nampenda yule mama mpaka kesho.

Siku ya mwisho akatupeleka kwa mkuu wa uuguzi, bwana mmoja mwenye haraka zake, ambaye ndiye mwenye kukubali au kukataa. Akampa mdogo wangu ukurasa unaohusu vipimo vya dawa. Mdogo wangu akasoma kidole kikiwa chini ya mstari. Alipofika kwenye kipimo cha mtoto akasimama, akarudi, akasoma upya. Mkuu akaangalia saa.

Mdogo wangu akafunga kitabu, akaeleza: mtu mzima apewe kiasi hiki, mtoto kiasi hiki, na ukivichanganya mtoto unampoteza. Hakukosea hata kimoja.

"Ameelewa," mkuu akasema, "lakini anasoma polepole mno. Hapa kuna mengi ya kusoma."

"Kasi itakuja, tutaendelea naye," Mama Ukurasa akajibu. "Ila nikuulize, bwana mkuu. Mwanao akilazwa, ungetaka dozi yake isomwe mbiombio?"

Mkuu akavuta kalamu, akamuuliza mdogo wangu jina.