Sekunde Arobaini za Mjomba

Jamani, hii nimeificha muda mrefu, na nikiikumbuka bado natamani ardhi ipasuke inimeze. Kazi yangu kule Arlington, Marekani, ni kutengeneza tovuti, yaani mimi ndiye niliyepaswa kujua, kwa hivyo msinionee huruma.

Binamu yangu Mercy alikuwa anaolewa Rockville na kijana Mmarekani. Babake, mjomba wangu, alinyimwa viza, basi akajirekodi kwa Kiswahili akitoa baraka zake, nami nikaandika tafsiri ya Kiingereza ya kila neno, ya kupita chini ya video ili wakwe waelewe. Tafsiri hiyo hukaa kwenye faili lake peke yake, kila sentensi na sekunde zake za kutokea na kuondoka, na inafuata saa ya video tu, haijui kabisa nani anasema nini. Hayo yote nayajua! Lakini asubuhi ya harusi nikaona sekunde arobaini za mwanzo Mjomba anafukuza kuku na kuuliza kama simu inarekodi, nikasema aibu gani hii, nikazikata (video nikaikata, faili la tafsiri nikaliacha vilevile, mimi na akili zangu zote).

Ukumbini Mjomba akatokea kwenye skrini, "Mercy mwanangu, mama yako hakujaliwa kuiona siku hii," na chini yake Kiingereza, kilichobaki nyuma kwa zile sekunde arobaini, kinasema ondoeni huyu kuku. Upande wa wakwe wakaangua kicheko. Upande wetu, watu waliokuwa wanafuta machozi wakageuka kuwakodolea macho. Nikakimbilia kompyuta, nikarudisha video mwanzo, na bila shaka kuku naye akarudi, maana saa ikirudi tafsiri inarudi nayo.

"Si uzime uwashe tena!" shangazi akanipigia kelele.

Nikaiondoa tafsiri kabisa. Sasa Mjomba analia, wakwe hawaelewi lolote, na mama wa bwana harusi bado anacheka.

"Zima tu, Njeri," Mercy akaniambia. "Tafadhali."

Kesho yake Mjomba akapiga simu.

"Wakwe walinipokeaje?"

"Walifurahi sana, Mjomba."

"Walifurahi? Hata pale nilipomtaja mamake Mercy?"

Nikasema ndiyo. Tangu hapo sikati video hata sekunde moja bila kusogeza tafsiri yake, na wakwe nimewaandikia maneno yote ya Mjomba kwenye karatasi, wakasoma, wakaomba radhi. Ila Mjomba mwenyewe sijamwambia ukweli, na kila simu yake ikiita naogopa ataniuliza tena.