Masalia ya Kiwanda Katika Shamba la Ukoo

Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa na biashara yake kuachiwa watu binafsi, malori yaliyopeleka kabichi za Mgeta Dar es Salaam yalianza kurudi na magunia ya chumvi ya kijivu. Ilikuwa salfeti ya amonia, masalia ya viwanda vya nyuzi za nailoni huko ng'ambo. Ina naitrojeni, na gunia lake lilikuwa rahisi kuliko la urea. Mimi, mwalimu wa shule ya kijiji, nilinunua moja.

Jirani yangu naye alinunua. Akaimwaga kama tulivyozoea kumwaga majivu ya kuzuia wadudu: juu ya majani, asubuhi, umande haujakauka. Siku ya tatu kabichi zake zilikuwa zimebabuka. Kijiji kizima kiliilaani chumvi. Hakuna aliyeulaani mkono.

Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mgawaji ni mjomba. Wangu alinifuata shambani, uso ameukunja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Uchafu wa kiwandani ndio unataka kuwalisha watu?"

"Na samadi, Mjomba, ng'ombe huitoa mdomoni?"

Mkewe, aliyekuwa akilima kando yetu, alicheka hadi akaweka jembe chini. Mjomba hakucheka. "Udongo huu ni wa bibi zako. Ukiuua, shamba nampa mwingine."

Niliendelea. Nilichimba vishimo vidole vinne kutoka kila shina, nikatia chumvi ya kujaa kifuniko kimoja cha soda, nikafukia. Majivu sikuyachanganya humo, maana yangeifukuza naitrojeni hewani. Niliyaweka akiba ya baada ya mavuno, kwa kuwa chumvi hii huutia udongo uchachu ambao majivu huupunguza, na hilo sikumficha mtu. Nilifanya kazi mchana, kando ya njia ya sokoni, atazame atakaye. Niliamini, na bado naamini, kwamba kukikataa kitu kwa sababu ya kilikotoka tu ni uvivu wa akili uliovishwa heshima.

Kabichi zilipoanza kufunga vichwa, Mjomba alirudi na wazee wawili wa ukoo. Majani hakuyatazama. Alipiga magoti, akafukua kwa vidole kando ya shina, akatoa nyungunyungu mnene aliyejinyonganyonga kiganjani mwake. Wazee walisubiri neno lake. Alimrudisha yule mdudu ardhini, akamfunika.

"Shamba ni la mpwa wangu," aliwaambia. Kisha akanigeukia. "Lakini usije ukasema nilikuruhusu."

"Sitasema, Mjomba. Hukuniruhusu."