Visa ya Papa

Juzi kazini mwenzangu alinionyesha mpango wake wa kutembelea Brussels wiki moja, majira ya majani kupukutika: Jumatatu makanisa ya kale, Jumanne makumbusho. Nikasikia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kilicholowa.

Nilikuwa mtoto tena; ilikuwa mchana, chumbani kwetu mtaa wa Bellevue. Mama alikuwa anamshonea baba yangu, Papa, koti zito, pasi ya moto kando yake. Papa alikuwa amekariri mpango kama huo kwa ajili ya ubalozi, akaniketisha mezani niwe afisa wa visa. Nilidhani ni mchezo, nikakaza uso.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kutembea tu, madame. Kuona makanisa."

"Utarudi lini?"

"Kisha juma moja."

"Nitajuaje kama utarudi?"

Cherehani ikanyamaza. Papa akajibu bila kusita, "Niko na mtoto hapa, madame. Siwezi kumuacha."

Mama hakuinua kichwa. Nilidhani uzi umekatika. Nikafurahi kutajwa, nikachovya kifuniko cha chupa kwenye wino, nikamgongea Papa muhuri mkononi.

Ubalozini alisema maneno yale yale, wakamwamini. Hajarudi mpaka leo. Wa kwanza kumpa visa nilikuwa mimi.