Mkono wa Kuamia Ndege

Nianze kwa kujisifu, maana nisipojisifu mimi sioni wa kunisifu. Katika majaruba yote ya mpunga tunayolima Magoma, hakuna mwanamke aliyekuwa na mkono kama wangu. Nilikuwa nasimama juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, dongo la udongo mbichi kiganjani, na kundi la ndege kweleakwelea likitua mwisho wa shamba nalifikia. Wenzangu walitumia kombeo. Mimi kombeo niliona ni kitu cha wavivu.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikulia juu ya dungu hilohilo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, asubuhi chaki, alasiri jembe, kwa hiyo mpunga ukianza kutia maziwa kwenye punje, kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasiule, ilikuwa yetu wawili. Nilimfundisha kuzungusha bega na kuachia dongo mkono ukiwa juu. Nikamfundisha na sheria.

Sheria yenyewe ni hii: huku kwetu hakuna kurusha dongo kimyakimya. Mpunga ukishasimama, mtu aliyechuchumaa akipalilia haonekani, na dongo likimpata kichwani ni kesi. Kwa hiyo unapiga ukelele kwanza, "Hooo!", halafu unangoja. Aliye ndani ya mpunga anaitikia, "Nimeinama!" Ndipo unarusha. Shangazi yangu aliwahi kupasuliwa nyusi na jirani aliyerusha bila kuita, na mpaka leo nyumba hizo mbili zinasalimiana kwa shingo upande. Binti yangu alipojaribu kuisahau sheria nilimvuta sikio, na sijutii.

Alipoingia sekondari Korogwe mjini akanipigia simu kwamba amechaguliwa kucheza mpira wa mikono. Nikadhani ni mpira wa pete, nikamwambia vizuri, usisahau masomo. Siku nilipokwenda kumwangalia nikakuta wasichana saba kwa saba, wanakimbia na mpira mkononi, wanaudunda, wanaruka juu na kuuvurumisha golini kwa nguvu hata kipa anafumba macho. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Kumbe kuna watu wanaamia ndege kwa jezi na filimbi, na mataifa yanashindana!

Kicheko kilikatwa na kocha wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimia.

"Mwalimu, mwanao ana mkono ambao sijapata kuuona," aliniambia. "Lakini anapiga kelele kabla ya kurusha. Kipa anajua saa ngapi mpira unakuja. Nimemkaripia, nimembembeleza, haachi. Akijilazimisha kunyamaza, mpira unatoka kinyonge kama anampa mtu chungwa."

Nikauliza kwani kuna ubaya gani.

"Mwezi ujao wanakuja watu wa timu ya taifa ya wasichana, watachagua pale Handeni. Nafasi ya kucheza upande wake imebaki moja. Kwa hali hii hawamchukui."

Sikumwambia kocha ukelele ule ametoa wapi. Niliona aibu. Nilirudi Magoma nikijilaumu njia nzima, kwamba mtoto amepata mkono wangu na mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga.

Siku ya Handeni nilifika mapema, nikasimama pembeni ya uwanja wa vumbi na kitenge changu kipya, nikiwa nimejiapiza kutofungua mdomo. Golini upande wa pili alikuwa msichana wa Kang'ata, mrefu, mikono mirefu, macho hayapepesi. Nilimchukia kabla hata mpira haujaanza, Mungu anisamehe.

Mara ya kwanza binti yangu aliruka, "Hooo!", akarusha, kipa akaudaka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu yule msichana alikuwa ameshanyoosha mkono kabla mpira haujatoka, na kuna mtu nyuma yangu akacheka. Niligeuka nikamtazama mpaka akakumbuka ana safari. Kwenye meza ya wachaguzi mmoja alikuwa ameweka kalamu chini.

Kisha binti yangu akaangushwa karibu na goli, refa akatoa penati. Ni yeye na kipa, hatua saba, na ana sekunde tatu tu baada ya filimbi. Kocha alimfanyia ishara ya kuziba mdomo. Mtoto akatikisa kichwa kukubali, lakini nilimwona bega limelegea, nikajua akinyamaza tumekwisha.

Filimbi ikalia. Akavuta mkono nyuma, na ukelele ukamtoka, mkubwa kuliko yote: "Hooo!" Kipa akaruka.

Na mimi, mwalimu mzima, niliyeapa kunyamaza, nikasikia koo langu limeshajibu: "Nimeinama!"

Ndipo akarusha. Kipa alikuwa ameshatua upande wa kushoto, mpira ukapita kulia. Muda wote ule mtoto alikuwa akingoja kuitikiwa kama nilivyomfundisha, na asipoitikiwa mkono ulikuwa unatoka na wasiwasi, mapema mno. Refa alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama meza, akahesabu goli.

"Mama, kaa kimya!" kocha alinifokea.

"Sikai!" nikamjibu.

Lakini sikuhitajika tena. Mashambulizi yaliyofuata aliita, akashika mpira hewani kwa muda wa jibu, akarusha. Yule wa Kang'ata alikuwa kipa hodari kweli, sasa nasema bila kinyongo, lakini mwili wake ulikuwa umeshazoea kuruka kwenye ukelele. Yaliingia mabao manne. Jina la binti yangu liliposomwa nilijikuta nimemkumbatia mtu ambaye simfahamu mpaka leo, nikamlowesha bega.

Baadaye nilimuuliza anahesabuje. Akaniambia, "Sihesabu mama. Nakusikia tu."

Mwaka huu timu yake ilicheza na taifa jirani, huko kwao. Mwalimu mwenzangu aliunganisha simu yake na televisheni ya kibanda cha kuonyeshea mpira, na alasiri ile tukawaondoa wanaume kwenye mabenchi yao, nao wakasimama ukutani na manung'uniko yao. Wanawake wa majarubani walikuja karibu wote, wengine wana matope miguuni. Hata shangazi alikuja, na jirani yake wa kesi ya nyusi akaketi nyuma yake.

Nilimwona mwanangu amevaa rangi za nchi yangu, mgongoni jina la baba yangu, jina la mtu ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa mkoa.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mabao sawasawa, tukapata penati. Akasogea yeye. Mashabiki wa ugenini walikuwa wanazomea, hakuna sauti yake iliyoweza kutufikia. Lakini mkono ulikwenda nyuma, na mdomo wake niliuona ukifunguka.

Sikuwahi hata kuvuta pumzi. Kibanda kizima, shangazi, jirani yake, hadi wale wanaume wa ukutani, kilipaza sauti kwa pamoja: "Tumeinama!"

Akarusha.

Bao lilipoingia, niliangalia nyuma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa bado ameketi.