Mlango Ambao Ndanu Alisema Hajawahi Kuugonga

"Naridhika sana, naridhika kiasi, siridhiki kiasi, siridhiki hata kidogo," Ndanu Muthama anasoma polepole, macho yakiwa kwenye kishikwambi alichokipakata. "Ni kuhusu namna Rais anavyofanya kazi yake. Chagua moja, baba."

Ni Jumamosi alasiri, ghorofa ya sita ya jengo la kupangisha mtaani Kware, Embakasi, jijini Nairobi. Fundi viatu aliyeketi ukingoni mwa kitanda chake amekubali mwandishi asikilize mazungumzo, mradi jina lake lisiandikwe. Anajikuna kidevu.

"Kwani hakuna 'nilikuwa naridhika'?"

"Hiyo haipo."

"Ingefaa iwepo. Mwaka wa kwanza nilikuwa naridhika. Unga ulikuwa ghali na bado nilikuwa naridhika, kwa sababu nilimpigia kura. Siku hizi hata bei ikishuka, roho haishuki."

"Kwa nini?" swali linamponyoka Ndanu, kisha anajirudi. "Samahani. Swali la kwa nini liko mbele. Tutalifikia."

"Basi niandikie kiasi. Ile kiasi ya chini."

Ndanu anabonyeza. Hapo simu yake ya mkononi inatetemeka. Anausoma ujumbe, na kidole kinabaki kimening'inia juu ya kioo kwa muda. Umetoka kwa Nalianya, msimamizi wake: "Niko chini kwa geti. Maliza ushuke. Twende ile nyumba."

Anamaliza maswali yaliyobaki, anamshukuru fundi, anatoka. Ngazi za jengo hili ni nyembamba na zina giza hata mchana. Anashuka akishikilia ukuta.

Ndanu, mama wa watoto wawili anayeishi Tassia, alikuwa karani katika karakana ya vinyago hadi wateja walipoisha na mlango ukafungwa. Kwa miaka tisa sasa amekuwa akikusanya maoni ya wananchi kwa niaba ya kampuni ya utafiti ambayo haikutaka kutajwa katika simulizi hii. Hulipwa shilingi mia tatu na hamsini kwa kila mahojiano yaliyothibitishwa. Yasiyothibitishwa hayalipwi.

Kazi yenyewe ina utaratibu mkali. Haruhusiwi kuchagua nyumba anayoipenda. Huanzia mahali alipoelekezwa, akahesabu milango, akagonga ule uliomwangukia. Ndani ya nyumba, kishikwambi ndicho huteua nani ajibu. Kikimteua mke, mume hatakiwi hata kukaa karibu.

"Wanaume wengi hukasirika hapo," anasema. "Mtu anakuambia, 'Mimi ndiye mwenye nyumba, niulize mimi.' Namwambia, sihoji nyumba, nahoji mtu."

Kwa miaka hiyo ameona watu wakibadilisha majibu yao kuhusu marais, na hana haraka ya kueleza sababu. Wapo wanaojibu kwa kuangalia sufuria. Wapo wanaojibu kwa kuangalia makato kwenye payslip, ile hati ya mshahara, au foleni ya dawa katika zahanati. Kuna pia wale ambao Rais akitoka upande wao husema wanaridhika, kisha wanashusha pumzi ndefu kama waliotua mzigo.

"Hiyo pumzi haina mahali pa kuandikwa," anasema.

Anachokifahamu vizuri ni kinachofuata matokeo yakitangazwa. Baada ya mzunguko uliopita wa mahojiano, magazeti yaliandika kwamba umaarufu wa Rais umeshuka katika mitaa ya Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji. Wiki hiyohiyo mwanasiasa mmoja wa eneo hilo aliibandua picha ya Rais kwenye bango lake akabakisha yake pekee. Mwingine akafanya kinyume: akatuma vijana wake kuzunguka majengo wakiuliza ni nani hasa wanaosema mtaa umemkataa Rais.

Tangu hapo, milango ya Kware hufunguliwa nusu.

Kwenye geti, Nalianya amesimama akiwa ameshika folda kifuani. Ni mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Hawasalimiani kwa maneno mengi.

"Uko sawa?"

"Niko tu, bosi."

Kampuni huwapigia simu baadhi ya waliohojiwa kuuliza kama kweli walihojiwa. Mhojiwa akikana, mahojiano yanafutwa. Mtafiti akikanwa mara tatu katika mzunguko mmoja, huondolewa kazini, kwa sababu ofisi huchukulia kwamba amekaa mahali akajaza majibu mwenyewe. Ndanu amekwisha kukanwa mara mbili, na jina la tatu linasubiri kwenye folda ya Nalianya.

Jina hilo ni la mwanamke wa ghorofa ya tatu ambaye hapa tutamwita Roseline. Majina ya wahojiwa na ya jamaa zao katika simulizi hii yamebadilishwa. Ndanu anasema alimhoji Jumatano asubuhi mumewe akiwa kazini, na kwamba alijibu maswali yote. Simu ya ofisi ilipopigwa jioni ya kesho yake, sauti ya kike ilijibu, "Mimi sijaongea na mtu," ikakata.

Kishikwambi hurekodi mahali kilipo, lakini katika majengo kama haya hilo halisaidii. "Kwenye ramani, ghorofa zote ni nukta moja," Nalianya anaeleza. "Mtu anaweza kukaa kwenye ngazi akahoji hewa, na ramani itaonyesha alikuwa nyumbani kwa watu."

Sheria inamruhusu msimamizi kwenda mwenyewe kuuliza kabla ya kutuma ripoti. Ndilo jambo aliloamua kumfanyia Ndanu. Roseline akisema ndiyo, jina la tatu linafutika na Ndanu anabaki kazini.

Wanapanda. Kwenye kordo ya ghorofa ya tatu nguo zimeanikwa, redio inasikika. Ndanu anaonyesha mlango. Nalianya anagonga.

Anayefungua ni mwanamume aliyevaa kofia ya chama cha Rais. Tutamwita Frankline. Ni kibarua katika mradi wa ujenzi wa serikali.

"Niaje. Mnatafuta nani?"

"Habari ya jioni, ndugu. Tunatoka katika kampuni ya utafiti. Tungependa kumuuliza mama wa nyumba swali moja tu."

Frankline hasogei. "Nyinyi ndio mlipiga simu juzi?"

"Inawezekana ni ofisi yetu."

"Nilikuwa nimekaa hapo. Simu ilikuwa kwa spika. Mke wangu alisema hajaongea na mtu." Anawatazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa mmekuja. Mtu hufuatwa bure? Ama aliongea?"

"Tungependa tu..."

"Hii nyumba inajulikana iko upande gani, mzee. Mtu akiongea hapa, ni mimi nimeongea. Kuna watu wanazunguka wakiuliza nani anaharibia Rais jina hii Kware. Nikiulizwa, nitasema nini?" Anageuka, sauti ikipanda. "Mama Adoyo! Uliongea na hawa watu?"

Nyuma yake, kando ya jiko la gesi, Roseline amesimama na mwiko mkononi. Hamtazami mumewe. Anamtazama Ndanu.

Redio ya jirani inaendelea kusoma matangazo ya vifo.

Nalianya anafungua mdomo, lakini Ndanu anamtangulia.

"Samahani, baba Adoyo. Tumekosea mlango," anasema. "Mimi sijawahi kufika hapa. Ni ghorofa nyingine."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Haya majengo yanafanana. Tusamehe kwa usumbufu."

Frankline anacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Madam, hata nyumba hujui na unataka kujua siri za Rais."

"Ndiyo kazi ilivyo, baba."

Mlango unafungwa. Komeo linasikika.

Wanashuka ngazi. Chini kidogo ya ghorofa ya pili, Nalianya anasimama.

"Ndanu, umesema mbele yangu kwamba hujawahi kufika pale."

"Nimesema, bosi."

"Na ulifika?"

"Nilifika."

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika ulichosikia."

Nalianya anaitazama folda kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Kisha anaiegemeza ukutani na kuandika: haikuthibitishwa. "Mimi naamini," anasema baadaye, Ndanu akiwa mbali. "Lakini kuamini kwangu hakuna kisanduku chake kwenye ripoti."

Anamwambia Ndanu kwamba ofisi itaamua Jumatatu. Mpaka hapo bado ni mfanyakazi, na jengo hili halijakamilika. "Kamata nyumba zilizobaki," anasema, na kuondoka.

Ndanu anakaa kwenye ngazi.

"Nilimwambia yule mama majibu yake ni siri," anasema. "Sikumwambia ni siri mpaka itakapogusa kazi yangu."

Hamlaumu Roseline, wala Frankline. "Yule baba anaogopa pia. Mradi ukisimama, au akionekana amegeuka, kibarua kimekwisha. Watu husema Rais anapendwa au hapendwi. Mimi naona kuna wengi hawajui hata wao wenyewe, kwa sababu hawajawahi kuulizwa wakiwa peke yao."

Ana ombi alilolipeleka ofisini Ijumaa na ambalo halijajibiwa. Anataka liongezwe swali moja mwishoni mwa mahojiano: tukupigie saa ngapi, ukiwa huna mtu karibu? "Hata wakinitoa, waliweke hilo swali. Atakayekuja baada yangu asipate shida hii."

Anainuka, anajipangusa vumbi, anahesabu milango ya ghorofa ya pili. Unaomwangukia ni wa Nthoki, muuza chipsi, ambaye anamenya viazi kwenye beseni. Kishikwambi kinamteua yeye. Anaruhusu mlango uachwe wazi, kwa sababu ya joto. Anajibu kuhusu umri, kuhusu kazi, kuhusu bei ya mafuta ya kupikia, huku kisu kikiendelea kumenya.

"Sasa ni kuhusu Rais," Ndanu anaanza.

Kelele zinazuka chini. "Maji! Maji yamekuja!" Milango inafunguka kordo nzima, mitungi inagongana kwenye ngazi. Nthoki amekwisha kusimama, beseni kando.

"Dada, huyo Rais wako atangoja. Haya maji yakienda, ni mpaka wiki ijayo."

"Nije kesho?"

"Njoo baada ya kanisa. Mzee wangu atakuwa ameenda mkutano wa watu wa kwao."

Ndanu anayahifadhi mahojiano yakiwa nusu, kisha anamfuata mlangoni na kuuliza kitu ambacho hakimo kwenye kishikwambi.

"Na ofisi ikipiga simu kuuliza kama ulinijibu, wapige saa ngapi?"

Nthoki anageuka, mtungi katika kila mkono.

"Waambie wapige asubuhi," anasema. "Asubuhi simu ni yangu. Jioni huwa ni ya nyumba."