Maneno ya Pajani

Kila nikifungua kopo la mafuta ya kujipaka, harufu yake hunirudisha Jumapili moja. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja darasa zima, na daftari langu lilikuwa limejaa. Maneno mapya nikayaandika pajani kwa kijiti. Ngozi iliyokaushwa na kiangazi cha Kanyangi hushika mwandiko mweupe vizuri.

Mama akaja na mafuta. “Kuja nikupake.”

Nikafunika paja kwa mikono. “Sipakwi. Bado sijayashika yote.”

“Aiya! Utaenda kanisani umepauka hivyo? Watu watasema nini?”

“Wacha waseme.”

Alinichapa, na bado sikupakwa. Kanisani nilikaa benchi ya mbele, nikapandisha sketi kidogo. Mchungaji akasoma yake, nami nikasoma yangu: ghadhabu, taharuki, jasiri.