Doa la Shavuni

Nilipokuwa mtoto, hapa hapa Ibra, Omani, nilitumwa kurudisha sahani tupu kwa jirani, na mpaka leo nikikumbuka damu hunichemka.

Jirani mwenyewe alikuwa Mama Kavita, Mhindi, mama wa rafiki yangu Kavita, mumewe akiwa na duka la dawa sokoni. Kila sikukuu yao ya taa alituletea sahani ya ladu, vitamu vyao vya mviringo, nasi tukairudisha na kitu ndani, vileja au halwa, hata tende tu. Kwetu, tangu Unguja, sahani ya mtu hairudi tupu. Na kwao ni vivyo hivyo.

Mwaka huo mdogo wangu Nasor alikuwa na miezi sita, amenenepa, kila amwonaye anamfinya mashavu. Bibi mzaa baba alimpaka doa la wanja kwenye kipaji cha uso ili asipatwe na jicho la watu. Mama Kavita alipoleta ladu alimbeba, akamchekea, akagusa wanja wa jichoni mwake mwenyewe kwa ncha ya kidole, akampaka doa jingine shavuni. Kwao hufanya hivyo kwa sababu ile ile. Mama aliona, akamshukuru.

Asubuhi mtoto akaamka na homa, analia hanyamazi.

"Nani kampaka hili?" Bibi akauliza, kidole kimegota shavuni.

Mama kimya. Nikajibu mimi, "Mama Kavita."

"Astaghfirullah! Uchawi wa kibanyani huu! Mtoto anarogwa, na nyinyi mnatazama!"

Akalisugua lile doa mpaka shavu likawa jekundu. Lile lake la kipaji cha uso akaliacha. Nilikuwa na miaka minane, lakini niliona kuwa wanja ni wanja.

"Na hilo lako, Bibi?" nikauliza.

Nikazabwa kofi. Ladu zikatupiwa mbuzi, nami nikapewa sahani.

"Rudisha. Na usitie kitu."

Mama Kavita aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Alielewa. Hata hivyo akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Nasor zen?" Alitaka kujua kama mtoto hajambo. Nikakimbia bila ya kumjibu.

Jioni, hospitali wakasema ni sikio. Dawa Baba aliinunua dukani kwa mume wa yule yule "mchawi", na Bibi mwenyewe akamnywesha mtoto. Hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Kavita hakuja tena kucheza, na mwaka haukwisha wakahama.

Bibi nimeshamsamehe, aliamini alichokiamini. Hasira zangu ni kwa Mama, aliyejua akanyamaza. Mwezi uliopita alikuja kumwona binti yangu mchanga, akatoa kichupa cha wanja mkobani, akampaka usoni.

"Mama, unamkumbuka Mama Kavita?"

"Aah, mambo ya zamani hayo, mwanangu. Yaache."

Nikachukua pamba, nikalifuta lile doa mbele yake. Aliona, na safari hii pia akanyamaza.